Shahidi wa Tabia

Kijana wa Buxton, mtaa wa Mombasa, anayetaka kazi ya ulinzi ng'ambo hana budi kwanza athibitishe kuwa ana tabia njema. Ahadi na viapo havitoshi. Huingia kwenye tovuti ya serikali, hulipa ada, huchapisha fomu ya C24, kisha huenda kupanga foleni ya alama za vidole. Afisa hukishika kidole gumba chake, hukipaka wino na kukibiringisha karatasini kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, halafu kinachofuata, hadi vyote kumi vitimie. Fomu hupelekwa kwa idara ya upelelezi wa jinai. Kumbukumbu za idara zisipoonyesha kosa lolote chini ya alama zile, kijana hupewa cheti cha tabia njema.

Mtu anaweza kuwa mchoyo, mkali kwa wadogo zake na mwongo kwa mkewe, na cheti hicho akakipata bila doa. Polisi hawana lawama. Wameulizwa swali dogo nao wamelijibu. Swali kubwa ndilo lililobaki bila mwenyewe: tabia inatoka wapi, na nani anayefaa kuitolea ushahidi?

Kutoka Buxton hadi Mji wa Kale ni mwendo wa miguu, na katika misikiti iliyo njiani swali hilo si geni. Wanaohudhuria darsa wanakijua kisa cha Ashajj, kiongozi wa ujumbe wa kabila la Abdul-Qays uliokwenda Madina kuonana na Mtume Muhammad (S.A.W.). Wenzake walipofika waliruka kutoka kwenye wanyama wao, wakaenda mbio. Yeye alibaki nyuma, akaifunga mizigo, akabadilisha nguo, ndipo akaja taratibu. Mtume akamwambia kuwa ana sifa mbili azipendazo Mwenyezi Mungu, upole na kutokuwa na pupa. Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Ashajj akauliza: sifa hizi nimezichuma mwenyewe, au Mungu ameniumba nazo? Akajibiwa kuwa ameumbwa nazo. Nyongeza hiyo ya swali na jibu imo katika mkusanyiko wa Abu Daud.

Lipo pia pokezi jingine, ambalo Tabarani ni miongoni mwa waliolinukuu. Maana yake ni kwamba elimu hupatikana kwa kujifunza, na upole hupatikana kwa kujilazimisha upole. Sifa ni ileile. Huku mtu amezaliwa nayo, kule anaambiwa aitafute kwa jasho.

Mafundisho haya mawili hayagombani kama yanavyoonekana kwa haraka. Ashajj aliulizia nafsi yake, akaelezwa habari zake. Pokezi la pili ni agizo kwa kila mtu, akiwemo yule ambaye hakujaliwa. Hata hivyo mwenye kufikiri hatalala usingizi mwepesi. Kama Ashajj aliumbwa mpole, anasifiwa kwa lipi? Na mwenye hasira aliyepambana nayo miaka thelathini, akaishia kuwa mpole nusu tu, nani kati yao aliye bora? Mithali za Waswahili nazo zimegawanyika. Mwenye kukata tamaa na mwanawe husema tabia ni ngozi. Jirani yake anayemfariji humwambia samaki mkunje angali mbichi. Zote mbili huweza kusemwa barazani jioni moja, na hakuna anayeona haja ya kuzipatanisha.

Aliyejaribu kuzipatanisha kwa dhati ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu kuizoeza nafsi, anaieleza tabia kuwa ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi, bila mtu kukaa akafikiri. Anayetoa mali mara moja kwa sababu iliyomzukia hajawa karimu. Wala asiyetoa si lazima awe bahili, kwani huenda ni karimu asiye na kitu. Kwa wale waliodai kuwa tabia haibadiliki, Ghazali anajibu kuwa ingekuwa hivyo, mawaidha yote yangekuwa kazi bure, na wala farasi asingefunzika. Kokwa ya tende si mtende, asema, lakini ikilelewa huwa mtende. Tofaa haiwi kamwe, hata ilelewe vipi.

Karne nane baadaye, wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani walirudi pale pale kwa njia nyingine. Walitaka hesabu. Mwingereza Francis Galton, mwaka 1884, aliwaza kuwa kila tabia ambayo watu huijali lazima wameipa jina, hivyo kamusi ni ghala la kuanzia. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert waliipekua kamusi ya Kiingereza, wakatoka na maneno karibu 18,000 yanayomwelezea mtu. Waliowafuata waliwapa watu orodha fupi zaidi wajipime nazo, wakatazama majibu yapi hutembea pamoja. Anayejiita mchangamfu hujiita pia msemaji. Anayejiita mwenye mpango hujiita pia mwenye bidii. Makundi yakasongwa hadi yakabaki matano: uwazi wa fikra kwa mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hojaji iliyopata jina kubwa, ya Paul Costa na Robert McCrae, ina kauli 240.

Vipimo hivyo vikawaonyesha jambo ambalo Ghazali angelitambua. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wasiowazaa, zikijumlishwa, hukadiria kuwa tofauti za tabia baina ya watu hutokana na urithi kwa kiasi cha asilimia 40 hivi. Kilichobaki ni cha malezi, marafiki, misukosuko, na makosa ya kipimo chenyewe. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake waliunganisha sampuli 92 kutoka tafiti zilizowafuatilia watu kwa muda mrefu, wakaona kuwa kwa wastani mtu hupata utaratibu na utulivu zaidi kadiri anavyokua, hasa baina ya miaka 20 na 40. Huo ndio umri wa kuoa na kuolewa, wa kodi ya nyumba, wa mtoto anayelia usiku. Kokwa inalelewa, na inakua ndani ya mipaka yake.

Mpaka hapo mzee wa darsa na profesa wangeweza kunywa kahawa pamoja. Wangegombana kwenye kipimo.

Mchukulie mzee wa miaka sabini aliyeketi barazani Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na mbele yake mwanafunzi wa chuo ameshika kompyuta ndogo. Mwanafunzi anasoma kauli: "Mimi ni mtu ninayewajali wengine." Mzee achague: sikubali kabisa, sikubali, sina hakika, nakubali, nakubali kabisa. Achague lipi? Akisema anakubali kabisa, amejisifu mbele ya mtoto, na kujisifu ni aibu. Akisema hakubali, amejisingizia. Atajibu "Mungu ndiye ajuaye," na kwenye kompyuta hakuna pa kubonyeza. Mwanafunzi akishikilia, mzee atamwonea huruma, kwa kuwa kijana wa watu ametumwa na chuo chake, na tangu hapo atakubali kila kitu. Atakubali kuwa ni mchangamfu. Kauli kumi baadaye atakubali kuwa hapendi kuzungumza.

Hilo si jambo la mzee mmoja. Rachid Laajaj na Karen Macours walilikuta kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya, na mwaka 2019 wao na wenzao wakachapisha uchambuzi wa majibu ya watu 94,751 kutoka nchi 23. Watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati walipoulizwa ana kwa ana, yale makundi matano yalivurugika. Kauli zilizotakiwa kwenda pamoja zilitawanyika. Moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo ya kumkubalia muulizaji. Waliojaza wenyewe kwa intaneti, katika nchi hizo hizo, walitoa picha iliyokaribia ile ya vitabuni. Kwa hivyo kampuni inayowapa hojaji ya namna hiyo waombaji wa kazi Mombasa, ikawakataa wengine kwa alama zilizotoka, inapaswa kujiuliza kama imepima tabia au imepima mazoea ya kujaza fomu.

Wapo walioona kuwa tatizo ni kuanzia na Kiingereza. Gerard Saucier, Amber Thalmayer na wenzao walilinganisha lugha tisa zisizo na undugu wa karibu, mojawapo ikiwa Kimaasai, na matokeo yao ya mwaka 2014 hayakuyakuta makundi matano kila mahali. Yaliyojitokeza katika lugha zote ni mawili: wema wa kuishi na watu kwa kujizuia na kufuata maadili, na nguvu ya mtu, yaani ujasiri na uchangamfu wake. Kiswahili nacho kimefanyiwa uchunguzi wa aina hiyo, na Harrun Garrashi, Boele De Raad na Dick Barelds, ambao walilazimika kuichukua sifa ya mtu kutoka popote lugha inapoiweka badala ya kutegemea vivumishi pekee kama ilivyozoeleka Ulaya.

Kwamba kundi la kwanza ni la maadili hakuwezi kumshangaza mtu wa Mvita. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Mombasa ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, aliutungia utu utenzi mzima, na Kai Kresse, Mjerumani aliyekaa Mji wa Kale mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwasikiliza wenye fikra wa hapo, aliujadili kama kazi ya falsafa katika kitabu chake cha mwaka 2007. Kwa fikra hiyo, uchangamfu na wasiwasi ni mambo ya pembeni. Jambo la kwanza ni jinsi mtu anavyowatendea wenzake. Na hilo, kwa asili yake, mwenyewe hawezi kujitolea ushahidi.

Basi nani aulizwe? Khalifa Umar ibn al-Khattab anasimuliwa kuwa alimkuta mtu akimdhamini mwenzake kwa tabia njema. Akamuuliza: umekuwa jirani yake, ukamjua anavyoingia na kutoka? Hapana. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Akamwambia basi humjui; labda umemwona msikitini akiinuka na kuinama. Wasomaji wa saikolojia watamkumbuka hapo Walter Mischel, aliyewatikisa wenzake mwaka 1968 kwa kuonyesha kuwa alama za hojaji hazibashiri vizuri mtu atakavyotenda katika hali moja mahususi, na kwamba mwaminifu wa mahali hapa huenda asiwe mwaminifu wa pale. Umar hakuuliza habari za tabia kwa jumla. Alitaja hali tatu ambazo ndani yake kujificha ni kazi ngumu: nyumba, pesa na njia.

Pwani kipimo hicho kina jina la kazi, nacho ni posa. Wazee wakishaketi, wakishakunywa kahawa na kueleza kilichowaleta, upande wa msichana hauna haraka, huomba muda. Kuanzia asubuhi ya pili mjomba anaulizia msikitini, shangazi anaulizia mtaani, na binamu mmoja anatafutwa ambaye amewahi kufanya kazi na kijana. Anaswali? Anatafuna muguka? Anakopa halafu anazima simu? Akikasirika anafanyaje? Majibu hayaletwi siku moja, na jibu la kusitasita lina uzito kuliko la kusifu. Wataalamu wamechelewa kuupa utaratibu huu heshima yake. Mwaka 2010 Brian Connelly na Deniz Ones walikusanya tafiti chungu nzima, wakakuta kuwa maelezo ya wengine juu ya mtu hubashiri ufanisi wake kazini na masomoni vizuri zaidi kuliko maelezo yake mwenyewe.

Ila haifai kuupamba utaratibu wa wazee kupita kiasi. Chini ya neno tabia, mjomba huulizia pia mambo yasiyo tabia: ukoo, rangi, mfuko, na zaidi ya yote kufu, yaani ulingano wa hadhi kati ya waoanao. Kwa vizazi vingi kufu ilitumika pwani kumfungia mlango mtu ambaye babu wa babu yake aliwahi kumilikiwa, hata awe na upole wa Ashajj. Na Buxton, mtaa wenyewe, umebeba jina la ukoo wa Kiingereza uliojulikana kwa kuipinga biashara ya utumwa. Jirani naye ana jicho lake. Mwenye husuda ataharibu posa kwa neno moja, na aliyeharibiwa hatajua ni nani wala alisema nini. Hojaji angalau huwauliza wote maswali sawa.

Shahidi mwenye mamlaka ni hatari kuliko mwenye husuda. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na alikuwa ameshawahi kudai kuwa Mwafrika mzima wa afya anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau. Aliieleza kwa kurejea tabia na mila za Wakikuyu waliobabaishwa na mabadiliko. Ardhi iliyochukuliwa haikupata nafasi inayostahili. Wagonjwa wa Mathari na watu waliofungwa ndio aliowaona kwa karibu, kisha akawahukumu mamilioni. Alikuwa na takwimu, alikuwa na vielelezo, alikuwa na mchapishaji wa heshima. Hakuwa jirani wa mtu yeyote kati ya aliowaandika, wala hakudaiana nao.

Karibu miaka hiyo hiyo, mpaka mmoja tu kutoka hapo, mwanamke mmoja alikuwa akifanya kinyume. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 kumfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Hakuwa na maabara. Alichukua mkalimani, akaanza kuzuru nyumba za Waganda karibu na Kampala, akiketi sebuleni kwa saa kadhaa kila wiki mbili, miezi ikapita. Watoto walikuwa 28. Aliona mtoto akimwacha mama na kutambaa kuelekea mlangoni, akasimama, akageuka kumtazama, kisha akaendelea kwa ujasiri. Aliona wengine walioganda kwa mama na kulia hata mikononi mwake. Kutokana na vikao vile alifikia wazo kuwa mtoto aliye na hakika na mlezi wake ndiye anayethubutu kwenda mbali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Jaribio lililompa umaarufu, la kumweka mtoto katika chumba kigeni huku mama akitoka na kurudi, alilifanya baadaye Baltimore, Marekani, nalo lilichukua dakika ishirini hivi.

Dunia ilizikumbuka dakika ishirini ikaisahau miezi ya Uganda. Hasara yake inaonekana ukilileta jaribio lile Mji wa Kale, ndani ya nyumba ambamo mtoto analishwa na bibi, anaogeshwa na shangazi, anabebwa na dada wa jirani, na akifika umri wa madrasa anakuwa na mwalimu anayemjua baba yake tangu utotoni. Mama akitoka chumbani, mtoto wa nyumba kama hiyo huenda asijishughulishe. Mpimaji mgeni ataandika kuwa hana mapenzi na mamaye.

Kuna waliojifunza. Huko Kilifi, saa moja na nusu hivi kwa matatu kutoka Mombasa, Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitunga kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa ambavyo mtoto wa huko hastuki akivishika na kwa maelekezo ambayo mamaye anayaelewa. Kipimo hicho kilichochapishwa mwaka 2008 kinahusu viungo na uratibu wa mwili. Tabia hakigusi. Lakini funzo lake linahamishika kirahisi: walianza kwa mtoto aliye mbele yao, kipimo kikafuata.

Ugumu mpya umetokea kwa upande wa mashahidi. Mwaka 2021 nyumba za zamani za serikali ya mtaa pale Buxton zilianza kubomolewa, na mahali pake yakainuka maghorofa ya Buxton Point. Mengi yamesemwa juu ya bei, juu ya waliohamishwa na juu ya nani aliyenufaika. Jambo moja halikusemwa sana. Wapangaji wale walikuwa wamejuana kwa miaka mingi, wanajua nani alimuuguza mamake na nani alimwacha, nani alirudisha chenji iliyozidi. Walipotawanyika, ule ushahidi wote ulitawanyika nao. Mjomba anayefika leo kuulizia habari za kijana wa ghorofa ya saba humkuta mlinzi langoni, na mlinzi anajua namba ya gari na saa ya kurudi.

Lakini waliohamia kwenye maghorofa hayo hawakukaa bure. Wanawake wameanzisha vyama vya kuchangiana na wenzao ambao mwaka uliotangulia hawakuwahi kuonana, wengine wa kutoka Kisumu, wengine wa Lamu, na hapana wa kumuulizia mwenzake. Katika vyama vingi vya namna hiyo masharti ni mamoja. Mgeni hutakiwa mdhamini mmoja kati ya waliomo, hutuma mchango wake kwa M-Pesa kabla ya tarehe iliyokubaliwa, na hata akilia vipi kuwa ana karo ya shule inamsubiri, zamu yake ya kupokea huwekwa ya mwisho.